Gemu za mkononi za ‘ex-UK’: Unanunua mashine ama unanunua ahadi?

Rafiki yangu alimaliza chuo, akapata vibarua vya mtandaoni na kwa miezi minane akajinyima hadi akaweka akiba ya Sh70,000. Wiki iliyopita alinitumia picha ya Steam Deck OLED na swali fupi: “Bro, ninunue ama niachane nayo?”

Muuzaji, mwenye duka dogo katikati mwa jiji la Nairobi, alitaka Sh62,000. Maelezo yake yalikuwa yale tunayoyajua sote: “Bosi, hii ni ex-UK, imekarabatiwa, iko fiti kama mpya.”

Swali la rafiki yangu linaulizwa na vijana wengi siku hizi, na si bure. Hizi si gemu za watoto. Steam Deck, ROG Ally ya ASUS na Legion Go ya Lenovo ni kompyuta kamili zilizofinywa zikatoshea mikononi. Unacheza gemu za kompyuta bila kununua mashine kubwa ya mezani, na stima ikipotea mtaani unaendelea. Kwa anayeishi bedsitter, hilo si jambo dogo.

Tatizo ni bei. Steam Deck OLED ilipozinduliwa Novemba 2023 ilianzia dola 549, takriban Sh71,000 kwa kiwango cha Sh130 kwa dola, na hiyo ni kabla haijapanda ndege. Ile ya bei nafuu yenye skrini ya LCD, kampuni ya Valve iliacha kuitengeneza Desemba 2025. Juu ya hayo, bei ya chipu za kumbukumbu imepanda tangu mwishoni mwa 2025 kwa sababu kampuni za akili unde zinazinunua kwa wingi. Vipya vikiwa ghali, macho yote yanageukia vilivyotumika.

Hapo ndipo neno “imekarabatiwa” linapoanza kufanya biashara. Neno hilo lina maana tatu tofauti, na muuzaji hakwambii ni ipi.

Maana ya kwanza ni kifaa kilichorudishwa kwa kampuni iliyokitengeneza, kikapimwa, kikarekebishwa na kuuzwa tena na kampuni hiyo hiyo. Valve ilianza mpango huu mwaka wa 2023. Inasema kila Steam Deck ya aina hii hupitia zaidi ya vipimo 100, inaweza kuwa na mikwaruzo kidogo, na inapewa waranti ya mwaka mmoja sawa na mpya.

Maana ya pili ni kifaa kilichokarabatiwa na duka au fundi fulani. Hapa ubora unategemea mkono wa fundi na vipuri alivyotumia. Wapo mafundi wazuri sana, na wapo wa kubahatisha.

Maana ya tatu ndiyo ya kawaida zaidi mtaani: kifaa kilichotumika, kikapanguswa vumbi, kikafutwa data na kutiwa kwenye boksi. Huu ni mtumba. Mtumba si dhambi, sote tumevaa. Lakini bei yake iwe ya mtumba.

Je, cha rafiki yangu kilikuwa cha aina gani? Tulipiga hesabu.

Valve ilipoanza kuuza OLED zilizokarabatiwa mwaka wa 2024, ile ya GB 512 iliwekwa dola 439. Hiyo ni takriban Sh57,000. Ukiiingiza nchini kihalali unalipa VAT ya asilimia 16, ada ya kuingiza bidhaa asilimia 2.5 na ada ya reli asilimia 2. Tayari uko karibu Sh69,000, na hujamlipa anayesafirisha wala muuzaji hajapata faida ya hata shilingi.

Kuna mtego mwingine hapo bandarini na uwanja wa ndege. Kompyuta haitozwi ushuru wa forodha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini mashine ya gemu ya kawaida hutozwa asilimia 25. Sasa kifaa hiki ni kompyuta au ni gemu? Afisa akikiona kina vijiti na vitufe akaamua ni gemu, gharama inaruka hadi karibu Sh85,000. Yaani uamuzi huo mmoja unameza punguzo lote la Sh14,000 ulilokuwa ukijivunia kwa kununua kilichokarabatiwa.

Turudi kwa yule muuzaji wa Sh62,000. Hesabu haisemi kwamba ni mwongo. Inasema tu kwamba kwa bei hiyo ni vigumu sana kiwe kile kilichokarabatiwa na Valve na kulipiwa kila kitu. Kuna uwezekano mkubwa ni mtumba uliopanguswa. Neno ni la daraja la kwanza, bidhaa ni ya daraja la tatu.

“Lakini nina shangazi Marekani, anaweza kuninunulia moja kwa moja,” rafiki yangu alisema. Sawa, hiyo ni njia nzuri zaidi. Betri ya OLED ina nguvu ya Wh 50, chini ya kiwango cha Wh 100 kinachoruhusiwa kwenye mzigo wa mkononi ndani ya ndege, kwa hivyo mtu anaweza kuja nayo.

Ila waranti haipandi ndege naye. Valve haiuzi Steam Deck rasmi humu nchini. Kikiharibika mwezi wa tatu, lazima kirudi kule kilikonunuliwa, na nauli ya kwenda na kurudi ni juu yako. Kijana wa London anaponunua kilichokarabatiwa, anapata punguzo pamoja na waranti. Wewe ukinunua kile kile ukiwa Kayole, unapata punguzo peke yake. Hamjanunua kitu kimoja.

Na vifaa hivi huharibika. ROG Ally za kwanza, mwaka wa 2023, zilipata tatizo la sehemu ya kadi ya kumbukumbu kwa sababu ya joto, na ASUS yenyewe ikakiri. Vijiti huchakaa hadi mchezaji anatembea peke yake kwenye skrini bila kuguswa. Betri ya Steam Deck imegandishwa kwa gundi kali, na kuibandua ni kazi ya fundi mwenye subira. Fundi anayebadilisha skrini ya simu kwa dakika ishirini huenda hajawahi kuifungua mashine kama hii, na vipuri lazima viagizwe ng’ambo.

Sheria nayo inasemaje? Risiti nyingi zimeandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Wengi wetu tukisoma hapo tunanywea. Lakini Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka wa 2012 inamtaka muuzaji auze bidhaa yenye ubora unaokubalika, na maandishi ya risiti hayafuti hilo. Shida ni kuthibitisha. Bila risiti yenye jina la duka, namba ya kifaa na maneno ambayo muuzaji alikuahidi, una hasira tu, huna kesi.

Kwa hivyo kama bado roho inataka, usinunue picha. Nenda mchana na ukae na kifaa nusu saa. Washa gemu nzito, usikilize feni, ushike mgongo wake usikie joto. Ingiza kadi ya kumbukumbu uone kama inasomwa. Achilia vijiti uone kama mchezaji anatulia. Fungua sehemu ya mipangilio inayoonyesha afya ya betri: kwenye Steam Deck iko upande wa dawati, na kwenye Windows kuna amri inayotoa ripoti nzima ya betri. Muuzaji anayekataa hayo amekujibu tayari.

Uliza pia ukubwa wa hifadhi. Steam Deck ya GB 64 inavutia kwa bei, lakini gemu kama Baldur’s Gate 3 peke yake inahitaji GB 150. Na GB 150 za kupakua kwa bando za simu ni bili nyingine kabisa.

Msimamo wangu ni huu. Kilichokarabatiwa kinafaa ikiwa mambo mawili yametimia: unajua kwa jina aliyekikarabati, na kuna waranti ya maandishi unayoweza kuidai ukiwa hapa nchini, hata kama ni ya miezi mitatu. Kimoja kikikosekana, hesabu kifaa hicho kama mtumba na utoe bei ya mtumba. Na usiweke hapo pesa ambazo ukizipoteza utalala njaa au utakosa kodi ya nyumba.

Rafiki yangu alirudi dukani na ombi moja: muuzaji aandike miezi mitatu kwenye risiti. Alijibiwa, “Bosi, hizi tunapeana siku saba za kujaribu. Kama hutaki, kuna mwingine anakuja saa kumi.”

Saa kumi ilipita. Juzi muuzaji alimpigia simu, bei imeshuka hadi Sh55,000. Siku saba bado ni zile zile. Akiba yake iko kwenye M-Pesa, na bado anapiga hesabu.