Nani Kasema Fizikia Haisemeki kwa Kiswahili?

Wanafunzi wenzangu, kuna usemi umeshika sana miongoni mwetu tunaosoma sayansi huku ughaibuni: eti "hii haisemeki kwa Kiswahili." Mtu akiulizwa na wazee anasoma nini, anajibu "mambo ya mwanga tu", basi, mazungumzo yameisha. Mimi napinga. Huo ni uvivu, na hasara yake tunaibeba wenyewe.

Nichukue somo langu. Nasoma jinsi mwanga unavyopita kwenye utando mwembamba wa dhahabu au fedha uliotobolewa vitundu vilivyopangwa kwa safu, kila kimoja kidogo kuliko wimbi lenyewe la mwanga. Chanzo chake ni cha zamani. Mwaka 1836 Mwingereza Henry Fox Talbot aliona kwamba mwanga ukipita kwenye mistari iliyoachana kwa nafasi sawa, picha ya mistari ile hujitokeza mbele yake, hupotea, kisha hujitokeza tena, bila lenzi ya kuichora. Mwaka 1881 Lord Rayleigh akaipigia hesabu: zidisha nafasi kwa nafasi, mara mbili, gawa kwa urefu wa wimbi. Mwaka 1998 Thomas Ebbesen na wenzake wakaonyesha kuwa vitundu hivyo kwenye fedha hupitisha mwanga mwingi kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu mwanga huzitikisa elektroni za juu ya metali zikaenda pamoja kama mawimbi. Na mwaka 2007 watafiti wa Southampton na wenzao wakaonyesha kwamba vitundu vikipangwa kwa ustadi, mwanga hujikusanya wenyewe kuwa nukta ndogo sana.

Je, kuna lililokushinda hapo?

Ami yangu ni mvuvi wa Sidab, pale Muscat, na Kiswahili alikuja nacho kutoka Unguja. Likizo iliyopita nilimweleza haya huku akitengeneza dema la waya. Akaniuliza: "Sasa mwanangu, mbona jua linapita kwenye dema langu kila siku na sioni picha yoyote?" Jamani, hilo ni swali la mtahini! Ikabidi tupige hesabu. Nafasi ya tundu hadi tundu ikiwa sentimita 3, picha ingejirudia kama kilomita 3 mbele. Tena jua ni pana na mwanga wake una rangi nyingi, kwa hiyo picha zingepandana na kufutana. Lakini nafasi ikiwa maikromita 3, picha inatokea maikromita 30 tu mbele, umbali usiofika unene wa unywele. "Kumbe ni vipimo tu," akasema. Katika semina zote nilizohudhuria huku, hakuna aliyeniuliza hivyo.

Ndiyo hoja yangu. Kumweleza mtu wa nyumbani si sadaka. Ni kuipima elimu yako mbele ya mtu ambaye hatishwi na istilahi.

Wapo watakaosema maneno hayatoshi. TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Wangapi kati yetu tumeifungua? Na neno likikosekana, tukope. Ibn al-Haytham aliandika Kitab al-Manazir, kitabu chake kikubwa cha mwanga, kwa Kiarabu, na Wazungu hawakuona haya kukitia katika Kilatini. Walikopa hata neno aljebra, na hakuna anayewacheka.

Tena jambo hili si la anasa. Mstari mwekundu unaouona kwenye vipimo vingi vya haraka vya malaria ni chembe ndogo mno za dhahabu, na wekundu ule unatokana na elektroni zile zile zinazotikiswa na mwanga. Mama anayeusubiri mstari ule zahanati ana haki ya kujua ni kitu gani. Na mtoto wa Tanzania anayesoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha akaikuta kwa Kiingereza kidato cha kwanza, nani amshike mkono kama si sisi?

Napendekeza hivi: kila anayeandika tasnifu aandike na ukurasa mmoja wa Kiswahili, aupeleke nyumbani, kisha asubiri maswali. Mwenye hoja ya kupinga, kurasa hizi ni zetu sote. Aandike, ila kwa Kiswahili!