Tikiti lenye maua bila matunda

Huenda wewe ni miongoni mwa wakazi wa mjini waliotumia akiba yao kujenga kivungulio nyuma ya nyumba na kupanda matikiti ya kantalupu, yale ya mviringo yenye ganda la mistari kama wavu na nyama ya rangi ya machungwa. Mimea imestawi, imepanda kamba hadi juu na kujaa maua ya manjano. Lakini kila siku unayakuta maua chini, na tunda halionekani. Baba analaumu mbegu, mama analaumu mbolea, na watoto wanauliza kama karo itatoka humo kweli.

Usiing'oe mimea hiyo. Plastiki na wavu ulivyoweka ili kuzuia mvua na wadudu waharibifu vimewafungia nje nyuki pia. Chavua ya tikiti ni nzito na yenye kunata; haipeperushwi na upepo.

Basi kazi ya nyuki ni yako. Ingia humo kabla ya saa nne asubuhi, maana ua la tikiti hufunguka asubuhi na kunyauka siku iyo hiyo. Ua dume lina kikonyo chembamba kitupu, nalo hutangulia kutokea, kwa hivyo ya kwanza yakianguka usihofu. Ua la kuzaa lina kitunda kidogo chini ya petali, na aghalabu hutokea kwenye matawi ya pembeni. Anayeyakata matawi hayo yote anajinyima matunda.

Chuma ua dume, ondoa petali zake, kisha lipakaze taratibu katikati ya ua la kuzaa. Ukifaulu, kitunda kitaanza kuvimba baada ya siku chache. Acha matunda 2 au 3 tu kwa kila mche. Yakifikia ukubwa wa ngumi, yatie katika mifuko ya wavu iliyofungwa kwenye waya, yasije yakavunja matawi.

Baada ya siku 35 hadi 45 hivi, tunda litanukia na kikonyo kitaachia kwa urahisi. Punguza maji katika wiki ya mwisho ili utamu usipungue.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda kazini, inama.