Heri ya Mwaka Mpya, na farasi nao je?

Najua nimewatupa kwa wiki kadhaa, lakini mwanafunzi yeyote atanielewa: huu ulikuwa msimu wa pepa. Sasa zimeisha, namshukuru Mungu. Hosteli imebaki tupu, kila mtu ameshakimbilia kwao, na mimi nimepata nafasi ya kuandika salamu kabla sijafunga begi.

Basi nawatakia Krismasi njema na Mwaka Mpya wa heri. Wale mnaosubiri sapu, Mungu awatie nguvu. Na kwa kuwa mnanijua kwa ugonjwa wangu wa mbio za farasi, salamu za leo ni za watu wa mbio: waendesha farasi, wakufunzi, saisi wanaoamka alfajiri kusafisha mazizi, na nyinyi mashabiki mnaorudi mjini kutoka Ngong Road Jumapili jioni na tiketi za kubeti zilizokunjamana mfukoni. Halafu kuna farasi wenyewe, na kwao salamu peke yake haitoshi. Hapo ndipo nina neno.

Kwa sisi wapenzi wa mbio, msimu huu una utamu wake. Tarehe 26 Desemba, wakati wengine wanamalizia pilau la jana, kule Uingereza kuna King George VI Chase katika uwanja wa Kempton Park, mbio za kuruka viunzi za maili tatu. Hapo ndipo Desert Orchid, yule farasi wa kijivu, alishinda mara nne: 1986, 1988, 1989 na 1990. Baadaye akaja Kauto Star akampita kwa kushinda mara tano. Halafu ikifika 1 Januari, farasi wote wa mbio waliozaliwa upande wa kaskazini wa dunia wanahesabiwa kuwa wameongeza mwaka mmoja kwa pamoja, hata yule aliyezaliwa Mei. Ni kanuni tu ya kurahisisha kupanga mashindano ya umri, lakini mimi huipenda. Mwaka Mpya wetu ni siku ya kuzaliwa ya kundi zima.

Sasa swali langu ni hili: farasi aliyeacha kukimbia, siku hiyo inamkuta wapi?

Tufanye hesabu kidogo. Farasi wa mbio huanza kushindana akiwa na miaka 2. Wengi wanakuwa wameshamaliza kabla hata ya kufika 10. Lakini farasi anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 25 mpaka 30. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yake inakuja baada ya sisi kuacha kumshangilia. Desert Orchid alistaafu baada ya King George ya 1991, akaishi hadi Novemba 2006. Hiyo ni miaka 15 ya majani na jua, watu wakija kumsalimia. Alikuwa na bahati, alipendwa na nchi nzima. Je, yule asiyejulikana? Na hata anayejulikana?

Msikilize Ferdinand. Mwaka 1986 alishinda Kentucky Derby, mbio kubwa kuliko zote Marekani, akiendeshwa na Bill Shoemaker aliyekuwa na umri wa miaka 54. Mwaka uliofuata akashinda Breeders' Cup Classic kwa urefu wa pua, akimshinda Alysheba, naye alikuwa bingwa wa Derby ya mwaka ule. Akatajwa Farasi wa Mwaka. Aliingiza zaidi ya dola milioni 3.7. Mwaka 1994 akauzwa Japani kwa ajili ya kuzalisha. Watoto wake hawakuvuma, wateja wakapungua, akaanza kupita mkono hadi mkono. Mwaka 2003 waandishi wa habari walipomtafuta wakaambiwa hayupo tena. Ilikuja kujulikana kwamba alikuwa amepelekwa machinjioni, yaelekea mwaka 2002. Bingwa wa Derby, jamani!

Nisieleweke vibaya, simnyooshei kidole Mjapani. Marekani yenyewe ilikuwa na machinjio ya farasi mpaka 2007, yalipofungwa ya mwisho, na hata baada ya hapo farasi wakawa wanasafirishwa kwenda Mexico na Kanada. Tatizo halina pasipoti.

Sasa mlinganishe na Silver Charm. Huyu alishinda Kentucky Derby mwaka 1997, na mwaka 1998 akaenda Dubai akachukua Dubai World Cup. Naye pia alipelekwa Japani kuzalisha. Njia ni ile ile, nchi ni ile ile. Tofauti ni kwamba waliomuuza walihakikisha kuna makubaliano: akimaliza kazi ya kuzalisha, arudishwe nyumbani. Desemba 2014 akarudi Kentucky, katika shamba linaloitwa Old Friends, lililoanzishwa na Michael Blowen, mtu aliyekuwa mhakiki wa filamu katika gazeti la Boston Globe kabla hajaamua kutunza farasi wazee. Silver Charm akala karoti za wageni hapo, na mwaka 2024 akatimiza miaka 30.

Mabingwa wawili wa Derby, safari moja. Mmoja kaishia kwenye kisu, mwingine kwenye karoti. Kilichowatenganisha ni mstari mmoja wa makubaliano, wala si wingi wa upendo wa mashabiki. Ferdinand naye alipendwa! Ndiyo maana nasema mapenzi yetu ya kupiga kelele jukwaani hayamsaidii farasi kitu kama hayajaandikwa mahali.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Kwa farasi mambo yamegeuka: yeye anatupa furaha, pesa na hadithi za kusimulia, sisi ndio tunamrudishia mateke.

Rafiki yangu mmoja wa hosteli, tukibishana usiku, aliniambia hivi: "Wewe bwana, watu hawana chakula, wewe unalilia farasi wa matajiri?" Ni hoja nzito, siwezi kuipuuza. Hapa kwetu mchezo huu una historia ya wakoloni. Uwanja wa Ngong ulifunguliwa mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari, na Mwafrika wa siku hizo pale alikuwa wa kushika hatamu na kuzoa samadi. Hata ukisoma habari za Beryl Markham, yule mama aliyepata leseni ya ukufunzi akiwa kijana mdogo, akaja kuruka peke yake na ndege kuvuka Atlantiki mwaka 1936, utaona jina lake kila mahali. Majina ya saisi waliowapiga brashi farasi wake utayatafuta sana.

Lakini mimi namjibu rafiki yangu hivi. Kwanza, pesa za mbio zipo tayari, hakuna anayeomba zitolewe kwenye sahani ya mtu. Zinazunguka kati ya mwenye farasi, mshindi na kibanda cha kubeti. Ninachouliza ni kwa nini aliyezikimbilia ndiye asiyepata fungu. Pili, farasi na saisi wako upande mmoja. Mahali ambapo farasi anatupwa akiisha faida, mtu anayemtunza naye hutupwa vivyo hivyo, mgongo ukianza kuuma. Na farasi mzee akitengewa nyasi na daktari, lazima awepo mtu wa kumlisha, na huyo mtu analipwa mshahara. Ukimtendea haki mmoja, umefungua mlango wa mwingine.

Kwa hiyo haya ndiyo maombi yangu ya sikukuu, nayaweka kwa namba kama maswali ya mtihani:

1. Wenye farasi: andikeni ule mstari. Unapomuuza farasi, iandikwe kwamba akiwa hatakiwi tena, wewe unapigiwa simu wa kwanza. Wino hauna gharama.

2. Wasimamizi wa mbio, hapa na kwingineko: kila farasi anapoingizwa mbioni, kidogo kikatwe kiende kwenye mfuko wa waliostaafu. Wenye farasi wa New York walianza ada kama hiyo baada ya habari za Ferdinand, wakaipa jina lake. Ila ilikuwa ya hiari, na sisi tunajua mchango wa hiari unavyokuwa, hata wa harusi. Iwe lazima.

3. Wafunzeni kazi nyingine mapema. Farasi aliyetoka mbioni bado mzima anaweza kujifunza kuruka viunzi vya maonyesho, kucheza polo au kubeba watoto wanaojifunza kupanda. Inahitaji miezi na mtu mwenye subira. Saisi wengi wana subira hiyo, walipwe kwa kazi hiyo.

4. Sisi mashabiki: tuulize. Tunajua kumuuliza kila mtu nani atashinda leo. Tuzoee kuuliza pia aliyeshinda miaka mitatu iliyopita yuko wapi. Swali likiulizwa na watu wengi kila Jumapili, atapatikana mtu wa kulijibu.

Najua wapo wanaosema ukiwa na huruma kiasi hiki basi acha mbio kabisa. Sitaacha. Nikisikia kengele na kwato zikianza kupiga ardhi, moyo wangu bado unaruka. Lakini nataka niweze kumwangalia farasi usoni baada ya mbio bila kugeuza macho, na siku hizi siwezi kama sijui anakokwenda.

Haya wadau, nawaachia hapo. Kuleni vizuri, msisahau wagonjwa na majirani, na anayesafiri afunge mkanda. Tarehe 1 Januari, ukishamaliza kuwapigia simu ndugu zako, watakie heri na wale wa miguu minne. Wametimiza mwaka mwingine, na baadhi yao hawana mtu wa kuwaambia.

Tukutane muhula ujao, Mungu akipenda.