Kijana anasoma na analipia, gazeti ndilo limemhama

Watu wa Dar es Salaam wanaposema gazeti limekufa kwa sababu linachelewa, sisi wa Mtwara tunashangaa. Kwetu gazeti halikuwahi kufika mapema. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, basi lililobeba magazeti lilipanga foleni kwenye kivuko cha Ndundu pamoja na malori ya korosho na wagonjwa wanaopelekwa Muhimbili. Likivuka, linakutana na tope la kipande cha Ndundu hadi Somanga. Masika yakishika, habari ya Jumatatu tuliisoma Jumatano, mara nyingine Alhamisi.

Marehemu baba yangu alikuwa wakala wa magazeti mjini, kwa hiyo najua watu walivyosubiri. Walimu, makarani wa bandari, mafundi cherehani, wanafunzi wa sekondari waliochangiana nakala moja watu wanne, wote walikaa barazani kwetu tangu alasiri wakisikilizia honi ya basi. Habari kubwa walikuwa wameshaisikia redioni siku ileile ilipotokea. Bado walisubiri, kwa sababu redio iliwaambia waziri amesema nini leo, na gazeti liliwaambia mwaka jana waziri huyohuyo alisema nini na fedha alizozitaja zimekwenda wapi.

Ndiyo maana sikubali ninapoambiwa kwamba kasi ya simu ndiyo iliyowaondoa vijana kwenye magazeti. Kasi imewaondolea wahariri usingizi, hilo kweli. Ila msomaji aliyekuwa tayari kungoja siku tatu hakuwa mteja wa kasi. Alikuwa anangoja kitu, na kitu hicho siku hizi akifungua gazeti hakioni.

Wazee wenzangu wana jibu jepesi: vijana hawasomi, na hata wakisoma hawataki kulipa. Naomba waende kwenye kijiwe chochote cha bodaboda saa za jua kali, wakati abiria ni wachache. Wale vijana wameinamia simu, na wengi wao hawaangalii picha. Wanasoma hadithi. Mtunzi anawatumia sehemu ya kwanza bure kwenye kundi la WhatsApp, anawatumia ya pili na ya tatu, halafu mambo yanapokolea anakata na kuandika namba yake ya simu: anayetaka mwendelezo atume hela. Na wanatuma. Kijana asiyejua kesho mafuta ya pikipiki atayapata wapi anatoa shilingi elfu moja kwa M-Pesa ili ajue yule binti alinusurika au hakunusurika.

Ujanja huo ni wa magazeti. Eric Shigongo aliujua vizuri kuliko wengi. Hadithi zake za mfululizo katika magazeti ya Global Publishers ziliwafanya wasichana wa rika langu waunyang'anyane ukurasa mmoja hadi uchanike. Njaa ile ya kusoma haijaisha, imehamia kwingine, na magazeti mengi hayakuifuata huko ilikokwenda.

Wala si hadithi za mapenzi peke yake. JamiiForums ilianza mwaka 2006, na kwa miaka mingi ilikuwa maandishi matupu: mtu anaweka nyaraka, mwingine anazichambua, wa tatu anabisha, ukurasa baada ya ukurasa. Vijana walikesha humo wakisoma habari za mikataba na ufisadi. Mmoja wa waanzilishi wake, Maxence Melo, alifikishwa mahakamani mwaka 2016 kwa kukataa kuwapa polisi taarifa za wanachama wake. Kizazi kisichopenda kusoma kisingeujenga uwanja kama ule wala kuutetea.

Sasa tuje kwenye gazeti lenyewe. Kila asubuhi picha za kurasa za mbele zinasambaa kwenye makundi ya simu, na redio na televisheni nazo zinasoma vichwa vya habari kimoja baada ya kingine. Ikifika saa mbili kijana wa Mtwara ameviona vyote bila kutoa senti. Wenye magazeti wanalalamika kwamba wanaibiwa. Mimi nauliza swali lingine: ndani ya habari kuna nini ambacho kichwa hakijakisema? Chukua gazeti lolote la Kiswahili, soma kurasa za mikoani. RC aagiza. DC aonya. Waziri awataka wananchi. Mkurugenzi apongeza. Aliyeona maneno hayo kwenye simu ameshamaliza habari, kwa maana huko ndani limo agizo lenyewe, jina la ukumbi na wito wa kudumisha mshikamano. Kijana huyo hajaiba kitu.

Nimewahi kuwa mwandishi wa mkoani wa gazeti moja, kwa hiyo naijua njia ambayo habari hizo zinapita hadi kufika mezani kwa mhariri. Mwandishi wa mkoani hana mshahara. Analipwa kwa habari iliyochapishwa, na malipo yakichelewa hana wa kumdai. Nauli ya kwenda Tandahimba ni yake, chakula chake, vocha yake. Akienda kijijini siku mbili kufuatilia wakulima wasiolipwa, akarudi na habari moja ambayo mhariri ataipunguza ikatoshe nafasi chini ya tangazo, amekula hasara. Kwa upande wa pili, ofisi ya serikali au mradi fulani unampigia simu: gari lipo, chai ipo, na mwisho wa mkutano kuna bahasha. Atakwenda wapi? Anakwenda kwenye gari. Kesho yake gazeti linatoka na "RC aagiza". Jambo hili limetudhuru sisi wa magazeti kuliko Instagram, TikTok na WhatsApp zikiunganishwa, na lilianza kabla yake.

Nieleze kwa korosho, kwa sababu huku kwetu karibu kila jambo linaishia kwenye korosho.

Zamani bei ya mnada ilikuwa habari ya gazeti. Leo mnada wa chama kikuu cha TANECU ukifanyika, au wa MAMCU, bei ya juu na ya chini zinasomwa kwenye simu kabla watu hawajatoka uwanjani. Oktoba 2024, minada ilipoanza kuendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa soko la bidhaa, TMX, na bei ikavuka shilingi 4,000 kwa kilo, mpwa wangu aliyeko shambani Newala ndiye aliyenipigia mimi, shangazi yake niliyemzoesha gazeti, kunipa habari. Katika kazi hiyo gazeti limeshindwa, na halina haja ya kuigombania.

Lakini bei ya mnada siyo fedha anayoipata mkulima. Kati ya ghala kuu na akaunti yake ya benki kuna kitu tunachokiita mjengeko wa bei: ushuru wa halmashauri, fungu la chama cha msingi, la chama kikuu, gharama za ghala, usafirishaji, na mengineyo ambayo hutofautiana msimu hadi msimu. Mpwa wangu anaijua bei. Makato hayajui. Aliyauliza kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mamia, akajibiwa kwa vikatuni vya kucheka na mtu mmoja akamwambia aende AMCOS, chama chake cha msingi. Huko AMCOS akaambiwa karatasi ipo ukutani. Ilikuwepo kweli, imefifia.

Hapo ndipo mahali pa gazeti. Mwandishi mmoja akae na zile karatasi za vyama vya msingi vitano, azilinganishe, amuulize meneja wa chama kikuu kwa nini kijiji hiki kimekatwa zaidi ya kile, aandike shilingi kwa shilingi. Vijana wa Newala, Masasi na Nanyamba wangeisoma habari hiyo hata kama ingechapishwa kwenye magunia, kwa sababu inahusu mfuko wao. Nani mwingine ataifanya? Mwenye ukurasa wa Instagram hapewi senti kwa kukaa ghalani siku tatu akisoma vitabu vya hesabu.

Tuliliona hilo Novemba 2018. Wakulima walipoikataa bei ya wanunuzi, Rais Magufuli aliagiza serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaingia kusini kuzisomba. Picha za misafara ya malori zilijaa kwenye simu zetu, na zilikuwa picha nzuri. Yalipoondoka kikabaki kilio cha watu waliokwama kwenye uhakiki wa kabla ya malipo, kijana aliyelima kwa jina la babu yake aliyefariki, mama aliyeambiwa mzigo wake ni wa kangomba, yaani kaununua kinyemela kwa wakulima wengine, wakati mikorosho anayo. Kilio hicho hakikuwa na picha ya kuvutia. Kilihitaji mtu wa kukisikiliza mlango kwa mlango, na magazeti yaliyompeleka mtu huyo yalikuwa machache mno.

Na Mei 2013, bajeti ya nishati iliposomwa bungeni na ghasia za kupinga gesi yetu kupelekwa Dar es Salaam zikauwasha mji huu, tulikuwa na simu na redio. Zilitueleza palipochomwa moto. Hali ilipotulia, watu walewale waliotumiana ujumbe wa kuhamasishana walikuja kutafuta magazeti, wajue wenzao wa Bukoba na Moshi wanatuonaje: wachoyo, au watu wenye hoja? Vijana walikuwa wengi kwenye meza za magazeti wiki ile. Nakumbuka walivyokasirika kukuta kurasa zimejaa maneno ya viongozi, na la mvuvi wa Msimbati, pale inapochimbwa gesi yenyewe, hakuna.

Hasira ile ilikuwa ya haki, na ina historia. Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, na lilisema yaliyoipendeza serikali hiyo. Hata hivyo liliacha kurasa kwa wasomaji: barua, habari za vijijini, mashairi ya kujibizana kutoka kila pembe ya Tanganyika. Shaaban Robert alichapisha tungo zake humo angali karani. Kijana wa wakati ule alilifungua gazeti akitafuta jina lake au la mtu wa kwao. Wa leo anaandika maoni kwenye mtandao na kupata jibu papo hapo, wakati gazeti limembakizia barua tatu za wasomaji, siku ambayo tangazo halikuzimeza.

Sisemi kwamba mtandao ni nyumba salama. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka hata wenye blogu wakate leseni kwa ada ambayo kijana wa kawaida haimudu. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa, na Septemba leseni ya JamiiForums ikasitishwa kwa siku 90. Siku ya uchaguzi, 29 Oktoba, intaneti ilizimwa nchi nzima, na simu za vijana wetu zikabaki za kupigia tu. Magazeti nayo yamepigwa: MwanaHALISI, Mawio, Mseto na Tanzania Daima yalikaa kifungoni hadi Februari 2022. Kwa hiyo hofu ya wahariri naielewa, na siibezi. Ila makato ya korosho, dawa zinazokosekana zahanati na madawati ya shule ambayo fedha zake zilishatoka ni habari zinazoweza kuandikwa leo, kwa sheria hizihizi.

Magazeti yamejaribu kuwafuata vijana. Yamefungua kurasa TikTok, yameajiri wasomaji wa vichwa wenye sauti nzuri, yanarusha video za wasanii waliogombana. Sioni kosa katika kwenda waliko watu. Kosa ni kwenda mikono mitupu. Video ya dakika moja inayoonyesha kilo ya korosho ya shilingi 4,000 inavyopungua hatua kwa hatua hadi kumfikia mkulima ingetazamwa kila kijiji, na chini yake ingewekwa habari kamili ya kununuliwa kwa M-Pesa, moja moja, kwa bei ya andazi. Wale watunzi wa hadithi wameshatuonyesha kwamba inawezekana. Hawana ofisi wala mtambo.

Wahariri na wenye magazeti, nawaomba jambo moja kabla hamjanunua kamera nyingine. Mpeni mwandishi wenu wa mkoani mshahara, hata mdogo, na nauli. Mwambieni mwezi huu hamtaki "RC aagiza" hata moja. Mkiwa na waandishi ishirini wa aina hiyo mikoani, mtakuwa na kitu ambacho hakuna kundi la WhatsApp linaloweza kukitengeneza.

Na wewe kijana unayesoma maneno haya kwenye simu ya mwenzako, siku gazeti litakapochapisha makato ya chama chako cha msingi, lilipie. Na lisipoyachapisha, mwandikie mhariri, mtajie AMCOS yako kwa jina, na umtumie picha ya ile karatasi ya ukutani.