MICHORO YA MOYO YA NJIANI ISITUPWE

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nitoe maoni yangu juu ya michoro ya moyo inayochukuliwa ndani ya magari ya wagonjwa.

Tangu mwaka 1966, Daktari Pantridge wa Belfast alipoanza kuwafuata wagonjwa wa moyo kwa gari lenye vifaa, nchi tajiri hazitumii gari la wagonjwa kubebea machela tu. Huko Denmark, mtu akilalamika kwamba kifua kinambana, wahudumu humbandika nyaya na mashine huchora umeme wa moyo wake. Mchoro hutumwa kwa daktari wa zamu, naye akiona mshipa umeziba huagiza gari liipite hospitali ndogo, liende moja kwa moja kwa wataalamu wa kuuzibua.

Wengi hudhani hapo kazi ya mchoro imekwisha. Mimi sikubaliani nao. Mchoro wa garini huonyesha moyo ulivyokuwa dakika za mwanzo, na baadhi ya dalili hutoweka kabla mgonjwa hajafika wodini. Hapo mchoro wa njiani ndio shahidi pekee. Ikihifadhiwa maelfu, watafiti wanaweza kuuliza: waliokuwa na alama fulani, wangapi walipona na wangapi walifariki?

Lakini rundo la michoro si daftari. Denmark ilianza mwaka 1968 kumpa kila mkazi namba yake ya tarakimu kumi, na tangu 1977 ina daftari la taifa la wagonjwa wa hospitali. Namba hiyo ndiyo huunganisha mchoro na yaliyompata mwenyewe baadaye. Bila namba, mchoro ni kama karatasi ya mtihani isiyo na jina. Utaisahihisha, lakini hutajua mwanafunzi aliishia wapi. Na saa ya mashine iwe sahihi, maana katika ugonjwa huu dakika ndizo zinazohesabiwa.

Hata hivyo daftari hilo haliwezi kuaminiwa kwa kila jambo. Limewaandika waliofikiwa na gari tu. Aliyefia kitandani hayumo, wala aliyepelekwa na jirani. Wapo pia wazee, wanawake na wagonjwa wa sukari ambao mara nyingine shambulio la moyo huwajia bila maumivu makali ya kifua, kwa hiyo huenda wasipimwe kabisa. Sisi walimu twalijua jambo hili: rejesta ya darasa haimwonyeshi mtoto ambaye hakuandikishwa.

Yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Siku hizi kompyuta hufundishwa kusoma michoro kwa kulishwa michoro ya zamani. Sasa madaktari wanafahamu kwamba vijana wengi wa kiume wenye asili ya Kiafrika, wazima kabisa, mstari wa mchoro wao hupanda kidogo mahali ambapo kwa mwingine ungekuwa dalili ya mshipa kuziba. Mashine iliyosoma mioyo ya Wazungu peke yake ikiletwa huku inaweza kuwaita wazima wagonjwa, na dawa za kuyeyusha damu iliyoganda si za kumpa mtu mzima, kwani zaweza kumvujisha damu hadi kichwani. Hapana budi michoro yetu nayo iwekwe.

Najua litaulizwa suala la siri, na ni haki liulizwe. Mchoro hauna sura, lakini ukiwa na namba, tarehe na kijiji, mwenyewe anajulikana. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Huko Denmark utafiti wa madaftari matupu hufanyika bila kumwomba kila mtu idhini. Hapa sidhani wananchi watakubali kabla ya kuelezwa. Mgonjwa anayehema garini haulizwi. Aulizwe akipata nafuu.

Ningeomba wahusika wa Wizara ya Afya watujibu katika ukurasa huu: magari yetu yanapowekewa mashine hizi, michoro itahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na nani atakuwa na ufunguo?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Dodoma Vijijini.