Hodhi la Maji Moto na Usalama wa Mtoto

Nchini Marekani nyumba nyingi zina hodhi la maji moto, lililowekwa uani ili watu wazima wakae ndani yake na kupumzisha viungo. Pampu huyavuta maji kupitia tundu lililo chini au ubavuni, huyachuja, huyapasha moto, kisha huyarudisha hodhini. Kwa mtoto, chombo hiki cha starehe kina hatari tatu.

Ya kwanza ni joto. Kikomo kinachoshauriwa ni nyuzi 40 za Sentigredi, ilhali joto la mwili ni karibu nyuzi 37. Ndani ya maji hayo jasho haliwezi kuupoza mwili. Mtoto, ambaye eneo la ngozi yake ni kubwa likilinganishwa na uzito wake, hupata joto upesi kuliko mtu mzima. Kwa sababu hiyo wataalamu wa afya wa huko hushauri kwamba mtoto wa chini ya miaka 5 asiingizwe kabisa.

Ya pili ni kuzama. Aghalabu mtoto mdogo huzama kimya. Mfuniko laini unaoelea juu ya maji humhadaa: akiukanyaga hudidimia, nao humfunika.

Ya tatu haionekani kwa macho, nayo ni mvuto wa pampu. Tundu lenye kipenyo cha sentimita 20 lina eneo la sentimita za mraba 314 hivi. Mwili ukiliziba, na pampu ikipunguza kanieneo nyuma yake kwa nusu tu ya kanieneo ya angahewa, mwili hukandamizwa kwa kani ya nyutoni 1,570 hivi, sawa na uzito wa mzigo wa kilo 160. Mnamo Juni 2002 Graeme Baker, mtoto wa miaka 7 na mjukuu wa James Baker aliyepata kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alinaswa hivyo akafa. Alijua kuogelea. Mama yake alimvuta asiweze kumtoa. Watu wazima wawili walipofaulu, kifuniko cha tundu kilivunjika.

Wapo wasemao kwamba ajali za namna hii ni uzembe wa wazazi tu. Kauli hiyo haitoshi. Uangalizi hapana budi uwepo daima, lakini mikono ya mzazi haiwezi kushindana na kani kama ile. Usalama yafaa ujengwe ndani ya chombo chenyewe. Sheria ya Marekani ya mwaka 2007, yenye jina la mtoto huyo, yadai vifuniko vya matundu vilivyobuniwa kuzuia mtu asinaswe. Matundu mawili yaliyo mbalimbali husaidia pia, kwani moja likizibwa maji hupita katika la pili. Swichi ya kuzima pampu iwe karibu, mfuniko wa hodhi uwe mgumu wenye kufuli, na nywele ndefu zifungwe.

Mwalimu wa fizikia aweza kulidhihirisha jambo hili kwa bomba la sindano lisilo na sindano: mwanafunzi azibe mdomo wake kwa kidole, kisha avute pistoni. Kidole kitavutwa. Darasa likokotoe kani hiyo, kisha lifikirie tundu la sentimita 20. Pampu za mabwawa ya kuogelea ya Afrika ya Mashariki hufuata kanuni hiyo hiyo. Ajuaye kuikokotoa kani kabla ya ajali ndiye mwenye wajibu wa kwanza wa kuizuia. Naye ni mhandisi, kabla ya mzazi.