SAFU YA MWALIMU: Alm na Mpingo



Tulikuwa tumeketi na mjukuu wetu katika bustani ya Kungsträdgården. Akautazama mti uliotupa kivuli, akaigusa bakora yetu ya mpingo, akauliza: "Babu, mti huu na bakora yako ni ndugu?"

Si ndugu wa karibu. Mti ule Waswidi huuita alm, na wataalamu Ulmus glabra. Una ukoo wake wenyewe. Mpingo, Dalbergia melanoxylon, ni wa ukoo wa kunde na maharage. Ajabu ni kwamba jina Dalbergia lilitoka huku huku: mwana wa Carl von Linné alilitoa kuwaenzi ndugu wawili Waswidi.

Makazi yao pia ni mbalimbali. Alm hupenda udongo wenye rutuba na unyevu. Mpingo huvumilia ukame, nao humea katika misitu ya Lindi na Mtwara. Yote miwili hupukutisha majani, mmoja kwa baridi, mwingine kwa kiangazi.

Na yote miwili imo mashakani. Mwezi Mei 1971 wakazi wa Stockholm waliuzuia uongozi wa mji usikate alm 13 bustanini humo kwa ajili ya kituo cha treni. Wengine walipanda matawini. Miti ikaokoka. Leo adui ni ugonjwa wa kuvu unaoenezwa na wadudu wa magome, na orodha ya Uswidi ya mwaka 2020 imeuhesabu alm kuwa hatarini kabisa kutoweka. Njia mojawapo ya kuinusuru mizima ni kuukata mapema ulio mgonjwa.

Mpingo, adui wake ni msumeno. Hutakiwa kwa vinyago na ala za muziki, nao hukua polepole, miaka 70 na zaidi. Lakini mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilipata cheti cha kimataifa cha utunzaji wa msitu: kuvuna kwa kipimo, na mapato yawe ya kijiji.

Basi mapenzi peke yake hayatoshi. Sharti tujue kinachokiua tukipendacho. Na tutajuaje, ikiwa mjukuu haujui mpingo, nasi miaka yote hii tuliuita alm "mti" tu? Wazazi, mwezi huu kila nyumba mkubwa amtajie mtoto mti mmoja wa kwetu, na mtoto amtajie mkubwa mmoja wa hapa.